Mrejesho: utafiti wangu wa mwaka wa nne

Wakuu, niliwaomba ushauri nilipotaka kuwafuatilia wagonjwa wa shinikizo la damu kwa mwaka mzima, ilhali nilibakiwa na miezi sita tu, na wengi wenu mkanielekeza nitumie kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa. Nimefanya hivyo, na mada nimeibadili kuwa upungufu wa damu kwa wajawazito. Ninapitia rejesta ya kliniki yao, nikiwahesabu walioanza kuhudhuria ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wakiwa na hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) chini ya gramu 11 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutambua upungufu wa damu katika kipindi hicho.

Kanuni ya kukadiria sampuli, kwa makisio kwamba asilimia 50 wana upungufu huo na kosa linalokubalika la asilimia 5, ilinitaka wanawake 384. Kwa kuwa wengi huanza kliniki wakiwa wamechelewa, na safu ya hemoglobini mara nyingi imeachwa wazi (jambo lililonikera kuliko yote), nimelazimika kurudi nyuma miaka miwili. Kibali cha kamati ya maadili nilidhani hakihitajiki kwa makaratasi matupu. Kinahitajika, na nilikisubiri kwa wiki saba. Uchambuzi nitauanza mwezi ujao.