Mtafsiri kaita mizimu ya Crimson Peak "majini". Hadithi haijaharibika hapo?

BintiUjiji:
Wakuu, habari za jioni. Mimi nashona nguo hapa Ujiji, na kazi ikiisha huwa natazama filamu na bibi yangu. Kiingereza hakijui, kwa hiyo nachukua zilizotafsiriwa, kijana mmoja ananijazia kwenye flashi. Safari hii kanipa Crimson Peak ya mwaka 2015, ya Guillermo del Toro.

Mwanzoni kabisa Edith bado mtoto, mama yake kafa kwa kipindupindu, na usiku anamjia, mweusi tii, kumwonya ajihadhari na Crimson Peak. Mtafsiri akasema, "Jini linaingia chumbani!" Bibi akanyanyuka. "Zima. Majini siyataki nyumbani kwangu." Nikamwambia huyo ni mama wa yule mtoto. Akanijibu, "Mama gani awe jini kwa mwanawe?"

Neno hilo likanikaa. Nikatafuta isiyotafsiriwa nikaitazama peke yangu. Kumbe hakuna mzimu hata mmoja unaomdhuru Edith! Wale wekundu wanaotambaa Allerdale Hall, jumba la mumewe Thomas Sharpe, wengi ni wake waliomtangulia, nao walinyweshwa chai yenye sumu kama anayonyweshwa yeye. Wanatisha, ndiyo, lakini wanakuja kumwonyesha. Anayeua ni Lucille, dada yake Thomas, mtu mzima hai anayeshika funguo zote za nyumba. Ukishasema "majini", siri ya ile familia unaitwisha majini, na wenye siri wanapona.

Kuna aliyewahi kukutana na tafsiri iliyosema "mizimu"?

Fundi_Gungu:
Sijawahi, dada. Mimi ningesema mzuka, ila vijana wa sasa wakisikia mzuka wanaelewa shangwe.

Mzee_Isevya:
Binti, nimetafsiri miaka mingi kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, hapa Tabora, kipaza sauti mkononi, filamu inaendelea na watu wamejaa kwenye mabenchi. Unasikia mara moja, unasema mara moja. Neno "mzimu" nilikuwa nalikwepa kwa makusudi. Kwetu mzimu ni mtu wa ukoo, unatambikiwa. Ukisema mzimu unamkimbiza mtu, lazima mzee mmoja atauliza kwa sauti, "Kwani wamemkosea nini?" na banda zima litataka jibu. Jini halina maswali. Linatisha tu, unaendelea.

Sasa nikisoma maelezo yako naona swali la yule mzee ndilo lenyewe lililokuwa linatakiwa kuulizwa. Tuliwanyima watu.

Mwanga_Kgm:
Kuna la udongo pia. Kwenye nakala ya kutafsiriwa niliyoona mimi, kila chekundu kimeitwa damu. Siyo! Ile nyumba imejengwa juu ya udongo mwekundu ambao Thomas anatengeneza mashine ya kuuchimba, na jumba linadidimia humo. Baridi ikija, udongo unapenya juu na theluji inakuwa nyekundu, ndiyo maana mahali pale pakaitwa Crimson Peak. Edith anapoambiwa jina hilo keshaolewa, keshahamia, na onyo la mama yake ndipo linamfikia. Ukisema "damu" hapo umekata kamba. Na sisi huku masika miguu inarudi nyumbani myekundu, nani asingeelewa ukimwambia ni udongo?

Jumba lenyewe halikuwa la kompyuta. Walilijenga ghorofa tatu ndani ya studio kule Toronto, kisha wakalibomoa. Mimi roho iliniuma.

BintiUjiji:
Shikamoo Mzee Isevya. Asante kwa kusema ukweli, sikutegemea kujibiwa na mtafsiri mwenyewe.

Jana nimekaa na bibi, rimoti mkononi, nasimamisha namweleza. Nikasema mzimu, nikasema udongo. Hakunyanyuka. Tulipofika Edith anasikiliza sauti ya Enola, mmoja wa wale wake, iliyorekodiwa kwenye silinda za nta, bibi akaniuliza, "Na wenzake wanaitwa nani?" Nikamtajia: Pamela, Margaret, Enola. Yule mtafsiri hakutaja hata mmoja, kwake wote "jini jekundu". Bibi akayarudia moja moja, Margaret likimpa shida, mpaka yote matatu yakamkaa mdomoni. Ndipo akaniambia niendelee.