Naomba ushauri: "sabuni" tumeichukua kwa nani?

Wadau, naombeni msaada. Tumebishana na mwenzangu tangu juzi: mimi nasema "sabuni" ni Kiarabu, sabun, yeye kashikilia Kireno, sabão. Kuchimba kidogo, nakuta Waturuki na Wamalei nao wanasema sabun, Wafaransa savon! Nyuma yao kuna sapo ya Kilatini, ambayo Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliiandika karne ya 1: mafuta ya mnyama na majivu, Wagalia (watu wa kale wa Ufaransa ya leo) wakipaka nywele ziwe nyekundu. Wala si ya kuogea, jamani.

Kwangu ile "-uni" ya mwisho inanukia Kiarabu kabisa, maana Kireno hakina "n" pale. Ila je, sauti pekee inatosha kumnyamazisha mtu? Mliosoma isimu, neno la mkopo mnalifuatilia kuanzia wapi?