Tupeane uzoefu: maandishi ya gemu lako yaliwahi kupotelea kwenye mandhari?

Mtoa mada (Mbeya)
Wakuu, poleni na baridi. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilitengeneza kigemu cha bajaji inayokimbiza abiria kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa. Alama ziko juu kulia, nyeupe, fonti nyembamba kwa sababu niliona ndiyo ya kisasa. Usiku chumbani kila kitu safi. Hatua ya tatu nikaweka ukungu, maana Mbeya ya mwezi wa sita bila ukungu si Mbeya. Nikampa mtoto wa dada yangu acheze. Baada ya dakika kumi kanirudishia simu: "Mjomba, mbona hainihesabii?"

Ilikuwa inamhesabia. Namba nyeupe zilikuwa zimezama kwenye ukungu mweupe. Nikaweka nyeusi, zikamezwa na lami. Nikaweka njano, ukungu ukazila tena. Nilikuwa natafuta rangi ambayo haipo: nyuma kunabadilika kila sekunde, na rangi yoyote utakayochagua ina mahali itazikwa. Leteni ya kwenu. Yaliwakuta wapi, na mlitokaje?

Mlima Loleza
Mimi kilichoniponza ni ujanja. Nilijiambia, kwa nini nichague rangi? Nachukua thamani ya pikseli (kinukta cha rangi) ya nyuma, ambayo huenda kuanzia 0, giza, mpaka 255, mwanga kamili, naitoa kwenye 255, nachora herufi kwa jibu. Juu ya nyeusi inatoka nyeupe, juu ya bluu inatoka njano. Raha tupu! Mpaka mchezaji alipofika kwenye jabali la kijivu. Kijivu cha 128 ukikigeuza unapata 127. Herufi zipo, ila hakuna jicho la kuziona. Msimbo wa siku mbili nikaufuta wote.

Binti wa Gangilonga (Iringa)
Kamwene. Mimi dawa niliipata kwa baba mdogo, ambaye hajawahi kushika kompyuta. Kazi yake ni kuandika vibao na mabodi ya magari. Siku hiyo nimempelekea chakula, nikamkuta anaandika jina kwenye basi lenye michirizi ya bluu, nyeupe na machungwa, na herufi zinapita juu ya zote tatu. Kaandika kwa njano, hakuonekana kuwa na wasiwasi. Halafu kachukua brashi nyembamba akaanza kuzungushia weusi, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, ulimi nje. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Huu weusi ndio ukuta wake. Herufi ikae kwake, rangi ya basi ikae kwake."

Jioni nikafungua Pygame, maktaba ya Python ya kutengenezea gemu. Neno nalichora mara nane kwa nyeusi, kila mara limesogea pikseli mbili upande wake: juu, chini, kushoto, kulia na pembe nne. Mara ya tisa nalichora kwa nyeupe, katikati. Penye mwanga weusi unalibeba, penye giza weupe unalibeba. Msiruke zile pembe nne, kona za herufi zinabaki nyembamba.

Kosa langu lilikuwa kulitengeneza neno upya kila fremu, yaani kila picha ya gemu inapochorwa, mara 60 kwa sekunde, kila mara michoro tisa. Laptopu ikawa pasi. Siku hizi nalichora mara moja kwenye picha ya pembeni, naihifadhi, na naitengeneza tena alama zikibadilika tu.

Mtoa mada
Dada, huyo baba mdogo apewe darasa afundishe. Ila ukingo wa pikseli mbili kwenye maandishi madogo hauzibi matundu ya "a" na "e"?

Binti wa Gangilonga
Unaziba. Maandishi madogo nazungushia pikseli moja tu, na fonti iwe nene. Hiyo yako nyembamba ya kisasa itabaki wino mtupu.

Chai ya Mufindi
Ukingo unafaa kwa namba na maneno mawili matatu. Mazungumzo ya wahusika, mistari minne mitano, unachosha macho. Hapo mimi naweka kisanduku cheusi kinachopenyesha mandhari kidogo. Kipenyeshe kiasi gani? Nilibishana na mwenzangu wiki nzima, tukaamua kukokotoa.

Mwongozo wa WCAG, ule wa kurasa za intaneti, unataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Haukuandikwa kwa ajili ya gemu, lakini jicho ni lilelile. Chukua hali mbaya kabisa, nyuma nyeupe pepe. Weusi wa asilimia 50 juu yake unatoa kijivu cha 128, na uwiano wake na herufi nyeupe haufiki hata 4. Umefeli. Panda asilimia 60: kijivu kinashuka hadi 102, uwiano unakuwa 5.7. Umepita. Na kwa kuwa hakuna mandhari inayong'aa kuliko nyeupe, huna haja ya kupima nyingine yoyote. Mwenzangu alikuwa wa 50, kwa hiyo soda alinunua yeye.

Mtoa mada, nimekupigia na yako. Njano iliyokolea juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1. Nyeupe juu ya nyeupe yenyewe ni 1. Ulikuwa unaandika kwa maji.

Msafiri wa Makambako
Mnaotumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, mnajitesa bure. Label, kile kipande chake cha kuonyesha maandishi, ina ukingo na kivuli tayari kwenye mipangilio, unaandika ukubwa, umemaliza. Ila kivuli peke yake msikitegemee, kinalinda upande mmoja tu wa herufi.

Halafu tokeni nje na simu saa saba mchana. Kioo kikiwa juani, yale ya chumbani yote yanaanza upya.

Ndizi za Tukuyu
Ugonile. Mimi nilikuwa na neno HATARI jekundu juu ya shamba la chai. Mdogo wangu hatofautishi nyekundu na kijani, akawa anatumbukia shimoni kila mara na mimi namcheka. Sasa ni jeupe, lina ukingo mweusi, na pembeni yake kuna alama ya mshangao.

Mtoa mada
Mrejesho: nimeweka fonti nene na ukingo wa yule baba mdogo wa Iringa. Mtoto kacheza tena, kafika kwenye ukungu, kanigeukia: "Mjomba, sasa naziona. Mbona ni chache hivi?"