Nimepata CD tano, mbili ni za albamu moja na hazifanani. Sikio langu ndilo bovu?

MpigaKimya (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Miaka mingi nimekuwa mtu wa kusikilizia muziki kwenye simu. Juzi kati nikapata deki ya CD iliyotumika, basi nikaanza kununua CD kwa pupa. Zimefika tano. Nimezisikiliza zote, nyingine mara tatu tatu, na sasa nina maswali mengi kuliko burudani.

Mbili ni Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Moja ya zamani, kava limepauka, nyingine toleo la 1997. Huwa napapasa kinanda, si mtaalamu. Nikipiga pamoja na ile ya 1997, noti zinakaa. Nikiweka ya zamani, nyimbo tatu za kwanza zinakuwa juu kidogo ya kinanda changu. Si nusu noti kamili, ni pale katikati panapokera. Cha ajabu, mbili za mwisho zinakaa sawasawa. Deki ingekuwa inakimbia si ingekimbia kote?

Ya tatu ni roki, kavani wameandika imesafishwa upya. Dakika kumi za kwanza nilifurahi, besi inagonga kifuani. Kufika wimbo wa tano kichwa kimechoka kama mtu aliyekuwa anafokewa. Rafiki yangu ana toleo la zamani la hiyohiyo. Lake liko chini, ukilisikiliza juujuu unasema limepooza, ila nalimaliza lote bila kuchoka. Nitafute hilo au nizoee la kwangu?

Ya nne inakwama wimbo wa mwisho tu, na nikiishika mbele ya taa naona vitundu kama vya sindano. Ya tano niliuziwa kwamba ni orijino, ila upande wa chini una ukijani. Inapiga vizuri, lakini roho haijatulia.

Kinanda_Kizee

Mkuu, sikio lako ni zima kuliko unavyodhani. Hiyo ni kasoro maarufu. Albamu ile ilirekodiwa kwa siku mbili, Machi 2 na Aprili 22, 1959, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York. Siku ya kwanza mashine ya tepu iliyobeba rekodi kuu ilikuwa inazunguka polepole kidogo. Tepu iliyorekodiwa polepole, ukija kuipiga kwa mwendo sahihi inakimbia, na noti zinapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza wa santuri zote ni za siku hiyo. Mbili za mwisho ni za Aprili, ndiyo maana hazina neno.

Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamefanya mazoezi na rekodi iliyopanda, wanahangaika kukaza nyuzi wakidhani ala zao ndizo mbovu. Bahati nzuri kulikuwa na mashine ya pili ya akiba, yenyewe mwendo wake ulikuwa mzuri, na miaka ya 1990 matoleo mapya yakarekebishwa. Kwa hiyo yako ya 1997 ndiyo sahihi. Ya zamani usiitupe lakini. Mimi nilikua na ile iliyopanda, na mpaka leo nikisikia iliyorekebishwa naona kama jamaa wamesinzia.

Bubu_wa_Spika

Umeshakuwa na nakala mbili za albamu moja halafu unakuja kuomba ushauri. Ugonjwa umeshaingia huo, hauna dawa. Karibu.

Mama_Tarumbeta

Mwanangu, kuhusu hiyo ya roki, usiamue bado. Kopi zote mbili ziweke kwa sauti inayolingana kwanza. Ile kali ishushe mpaka ilingane na ile pole, kwa kusikiliza mwimbaji peke yake. Masikio yetu yana udhaifu: chenye sauti kubwa zaidi tunakiona kizuri zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo sana. Wauzaji wa spika wanalijua hilo.

Zikishalingana, sikiliza ngoma. CD ina dari, sauti haiwezi kupita hapo. Anayetaka albamu yake isikike kubwa kuliko ya jirani anabana vile vilele vya ngoma, halafu anapandisha kila kitu kuelekea darini. Kilichokuwa kinanong'ona na kilichokuwa kinapiga kelele vinakaa kimo kimoja. Sikio halipati pa kupumzikia, ndiyo hiyo fokafoka unayoisema. Mwaka 2008 bendi ya roki ya Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic mashabiki walilalamika sana, maana nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero hazikuwa zimebanwa kiasi kile. Watu wakawa wanasikiliza ya mchezo na kuiacha CD!

Bubu_wa_Spika

Mama, nakuheshimu, ila hapo napinga kidogo. Ndani ya gari hiyo pole huisikii, injini inameza nusu ya wimbo. Iliyobanwa ina kazi yake.

Mama_Tarumbeta

Ya gari sawa. Yeye kasema ana deki, hakusema ana gari.

FundiLeza

Nije kwenye ya nne na ya tano. CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho uko karibu na ukingo, pale vidole vinaposhika. Ifute kwa kitambaa laini cha miwani, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu data nyingi mfululizo, unaokatiza unagusa kila mstari kidogo tu na deki inaweza kujirekebishia.

Vitundu vichache si lazima viwe tatizo, diski nyingine zinatoka hivyo kiwandani na zinapiga tu. Zifuatilie zisiongezeke. Utando wa alumini uko upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba na maandishi, kwa hiyo upande wa kuogopa mikwaruzo ni huo wa picha. Chini kuna plastiki ya karibu milimita 1.2 ya kukulinda. Ukiona ukingo unageuka rangi ya shaba, hapo imeanza kuoza, haraka ihamishe kwenye kompyuta. Tumia programu ya Exact Audio Copy, hiyo inarudia kusoma sehemu mbovu mara nyingi, na hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti.

Ya tano ni ya kuchoma, yaani mtu kainakili kwa kompyuta kwenye CD tupu, siyo orijino. Ile rangi ni wino unaoshika data. Usiiache juani.

Sikio_Moja

Ya kukwama paka dawa ya meno, inapona.

FundiLeza

Ikiwa ni mkwaruzo wa chini, huenda. Kwa vitundu vya alumini unapoteza dawa ya meno tu, hakuna cha kusugua pale.

MpigaKimya

Asanteni sana wakuu, na shikamoo Mama. Mrejesho: ya nne nimeifuta, bado inakwama sekunde ileile. Kompyuta imehangaika nayo karibu saa nzima, mwisho imeutoa wimbo ukiwa na mlio mmoja mdogo tu, nauvumilia. Ya roki nimezilinganisha kama ulivyoelekeza. Nikasikia mpiga ngoma anagusa sahani (toazi) kwa ncha ya kijiti kabla ya kiitikio. Kwenye yangu hicho kitu hakipo kabisa. Nimemwomba rafiki tubadilishane, kakataa. Anasema kama sikuipenda mimi, yeye aipendee nini?