Baba mdogo anakula kodi za marehemu, halafu anatuchangisha hela ya kaburi

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Jana usiku baba mdogo katuma ujumbe kwenye grupu la familia: kila mtoto wa marehemu atoe laki moja na nusu, tukamjengee mzee kaburi la marumaru kule Tukuyu kabla mvua hazijachanganya. Mtu huyohuyo anapokea kodi ya fremu nne za mzee hapa Mwanjelwa, mwaka wa tatu sasa. Fremu moja elfu themanini kwa mwezi. Pigeni wenyewe: 3,840,000 kwa mwaka. Mama yetu, mjane, mwaka huu kaletewa gunia la mahindi na elfu hamsini ya Pasaka. Gunia lenyewe lilishaingia dumuzi, nimelipepeta mimi.

Kosa ni letu pia. Kwenye kikao cha ukoo, matanga hata hayajaanuliwa, tulimpendekeza yeye kwa sababu anajua kuongea mbele za watu. Muhtasari nilisaini kwa kalamu yake. Mahakama ya mwanzo ikampa barua ya usimamizi, na tangu siku ile barua imegeuka hatimiliki. Kaipiga lamineshi! Ukimuuliza habari za kodi anaichomoa kwenye koti anakuonyesha muhuri: "Mwenye mirathi ni mimi."

Mirathi yako tangu lini? Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawia warithi, anarudisha hesabu mahakamani. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe alitakiwa awe amepeleka Fomu namba 5, yenye mali na madeni yote ya marehemu, kisha hesabu kwenye Fomu namba 6. Wiki iliyopita nikaenda kuomba kuona jalada. Karani akalifunua mbele yangu: maombi, muhtasari wetu wenye saini yangu, nakala ya barua. Basi. Jalada jembamba kama daftari la chekechea.

Parachichi ndiyo usiseme. Msimu huu mnunuzi kaingia shambani alfajiri na kreti zake, mama anashtushwa na muungurumo wa gari. Kufika, matawi yamevunjwa, gari limeshashika barabara. Jibu la baba mdogo: "Shemeji, hela yote imeishia kwenye mbolea." Mbolea gani, na miti haijapaliwa tangu mzee afariki?

Mashangazi wananipigia kwamba namdhalilisha baba yangu. Sawa. Laki na nusu ya marumaru sitoi, naifanya nauli na gharama za kupeleka ombi la kumwondoa.

Sasa waliopita njia hii: kodi alizokwisha kula mlizidai kwenye jalada lilelile la mirathi, au mlifungua kesi nyingine? Maana nasikia wapangaji wawili kashawachukulia kodi ya mwaka mzima ujao.