Mapenzi ya mafia: nikague nini kabla ya kununua?

Swali: Wakuu, nataka riwaya ya mapenzi ya mafia; ni ya giza, yaani yenye ukatili, na mwandishi kajichapishia mwenyewe. Nianzie wapi?

Kurasa300: Fungua sampuli, soma ukurasa wa tahadhari: utekaji, ubakaji, mateso. Ukikuelekeza kwenye tovuti ya mwandishi, nenda kweli. Kisha tazama namba ya kitabu kwenye mfululizo; ukianza na cha 2 hutajua kwa nini bosi anamchukia shemeji yake.

Taa_ya_Kitandani: Na mwisho! Vingine hukatika bastola ikiwa kichwani mwa mtu. Mimi pia hupima uhariri: consigliere ni mshauri, akigeuzwa muuaji wa kukodi sura ya kwanza, naacha.

Kurasa300: Kikiwa Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa kulipia usajili, usihangaike na maduka mengine. KDP Select, mpango wa Amazon unaoingiza vitabu vya waliojichapishia humo, humfunga mwandishi siku 90 asiuze kwingine nakala ya kidijitali. Ya karatasi haihusiki.