Kikundi cha Ukoo: bei ya kempa ya Baba Zuhura

Baba Zuhura (Columbus, Ohio): Assalamu alaykum. Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba ushauri wenu. Nimeona kempa (trela ya kulala safarini) iliyotumika, ya kuvutwa na pikapu, iliyoundwa mwaka 2018, yenye urefu wa futi 23 na ekseli mbili. Mwenyewe anataka dola 16,500, na anasema aliinunua kwa dola 21,000 mwaka 2021, hivyo anaona ameshapata hasara ya kutosha. Je, hiyo ni bei ya haki?

Mjomba (Indianapolis): Waalaykumu salaam. Marahaba, mpwa wangu. Hizo 21,000 ziondoe kabisa katika hesabu yako. Mwaka 2021, watu walipokuwa wanaogopa ndege na hoteli kwa sababu ya korona, viwanda vya huku Marekani Kaskazini vilitoa kempa na magari ya kulala kama laki sita, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo, na bado watu waligombania. Aliyenunua wakati ule alinunua kwa bei ya msimu wa njaa, na hasara yake si deni lako. Tazama kwanza mtandaoni makadirio ya J.D. Power, kampuni inayokadiria bei za magari, kisha fuatilia matangazo ya kempa za aina hiyo katika eneo lenu kwa wiki mbili tatu, uone zipi zinaondoka na zipi zinakaa, kwa kuwa bei inayotajwa siyo bei inayolipwa.

Baba Zuhura: Nimefanya hivyo tangu Agosti. Zinazolingana nayo zinatangazwa kati ya 13,500 na 17,000, na zile za 17,000 hazijaondoka hadi leo. Makadirio yanaonyesha kama 14,000.

Mjomba: Basi 14,000 ni bei ya kempa nzima isiyo na dosari, na kuanzia hapo ni kutoa tu. Nitumie picha ya ubavu wa tairi, pale penye herufi DOT.

Baba Zuhura: Tarakimu nne za mwisho ni 3118. Muuzaji anasema tairi ni kama mpya, na kweli kashata zake bado ni ndefu.

Mjomba: Maana yake zilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2018. Tairi za trela huzeeka kwa kusimama juani, si kwa kutembea. Zikishapita miaka mitano au sita hubadilishwa hata kama kashata hazijalika. Toa bei ya tairi nne pamoja na ufundi. Toa betri ikiwa haishiki chaji. Friji iwashwe kwa gesi na kwa umeme, kila upande kwa saa kadhaa, maana haipoi upesi kama ya nyumbani. Na kwa kuwa baridi inakaribia, mwambie asimwage maji ya mabomba wala asitie dawa ya kuzuia kuganda kabla hujafungua kila bomba ukaona kwamba halivuji. Vuli huku bei hushuka, kwa sababu hakuna anayetaka kulala na kempa kipupwe kizima, lakini kempa iliyokwisha kufungwa kwa baridi huwezi kuijaribu maji, na mtu huja kugundua bomba lililopasuka mwezi wa Aprili.

Shangazi Mkubwa (Lamu): Wanangu, hiyo kempa siijui, lakini marehemu babu yenu alipokwenda kununua mashua ya mtu hakutazama rangi wala tanga. Alianza na kalafati, ile pamba ya kuziba mishono ya mbao, akapita mshono kwa mshono, kisha akachoma ubao kwa ncha ya kisu kusikiliza kama unaitika kwa ugumu. Hicho chombo chenu kina mishono?

Mjomba: Shikamoo dada. Umegusa penyewe hasa. Kalafati ya kempa iko juu ya paa, katika ile gundi inayozunguka matundu ya hewa, kiyoyozi na kingo za mbele. Ikipasuka ufa mwembamba tu, maji hushuka ndani ya ukuta, mbao zikaoza kimya kimya, na nje huoni kitu. Yangu niliyoinunua mwaka 2019 ilikuwa inang'aa, nami sikupanda ngazi. Kubomoa na kujenga upya kona moja kulinila zaidi ya nusu ya bei niliyoinunulia. Mpwa wangu, panda juu, halafu ndani bonyeza kwa kidole gumba kila kona, chini ya madirisha na chini ya kitanda cha mbele.

*Jumamosi, saa kumi jioni*

Baba Zuhura: Nimetoka huko sasa hivi. Mabomba ni mazima na friji imepoa. Lakini chini ya kitanda cha mbele, upande wa kulia, kidole kimezama kama katika mkate uliolowa, na karatasi ya ukutani imefanya malengelenge. Nilipomwonyesha mwenyewe, alishuka papo hapo hadi 11,000. Nikitoa na tairi, naona kama imekuwa rahisi.

Mjomba: Usiichukue. Tairi zina bei inayojulikana, hivyo zinatolewa. Uozo hauna bei mpaka ukuta ufunguliwe, na atakayeufungua ni wewe baada ya kulipa. Kushuka dola 5,500 kwa pumzi moja kunakuonyesha kwamba hata yeye hajui ulipoishia.

Mama Zuhura: Mimi nakubaliana na Mjomba, ingawa watoto walikwisha kupanga nani alale wapi. Tungoje.

Shangazi Mkubwa: Vema, mwanangu. Chombo cha mbao laini hakipandwi na watoto.

Baba Zuhura: Nimempigia muuzaji, nimemshukuru na kumwambia kwamba sitainunua. Iko nyingine Dayton, ya mwaka 2017, fupi kidogo, anataka 13,000. Nimenunua kipima unyevu na nitabeba ngazi yangu. Mjomba, kesho saa nne asubuhi uwe karibu na simu, nitakuonyesha mishono ya paa kwa video kabla sijataja bei yoyote.